Swali la Vidole Vitatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkurugenzi wa kituo cha sanaa ameniita ofisini. Nilidhani ni pongezi. Kumbe! Ameniambia, huku akipanga brashi za watoto kwenye kopo, kwamba mazungumzo yangu ya sanaa ya kila Jumamosi yamedorora. Yamedorora! Mimi ninayeyaongoza tangu ukumbi haujapakwa rangi. Nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita tulikuwa na hadhira. Akasema hadhira hiyo ilikuwa mlinzi, aliyelala, na akina mama wawili waliokuwa wanasubiri mvua ikatike. Na hakuna aliyeuliza kitu isipokuwa yule yule.

Yule yule ni Swali Fupi. Mstaafu wa posta, kofia ya sufu, kiti cha mbele. Husimama, husema ana swali fupi tu, halafu huanzia utotoni kwake. Mara ya mwisho mchoraji aliyekuwa anaulizwa alikwenda msalani, akarudi, akakuta swali bado liko njiani.

Basi Mkurugenzi amekata shauri. Jumamosi hii ndiyo kipimo changu. Watu wakija na wakauliza maswali, nitabaki kiongozi wa mazungumzo. Wakikaa kimya, nafasi anapewa Swali Fupi. Angalau yeye, amesema, ana la kusema. Nimerudi nyumbani nimenywea. Bila Jumamosi zangu mimi ni nani? Fundi wa vioo vya madirisha, basi. Hakuna anayemuuliza fundi vioo maoni yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata dawa. Hadhira nitaileta mwenyewe, na maswali nitayatunga mwenyewe.

Nimekwenda mpaka karakana ya mchongaji, mgeni wetu wa Jumamosi, kuiona sanamu yake mapema. Ilibidi. Kituo kina sheria yake: kazi huletwa imefunikwa shuka, na hufunuliwa mbele ya watu wote mazungumzo yanapoanza. Kwa hilo Mkurugenzi hana mchezo kabisa.

Sanamu ni mwanamke wa mbao. Ameketi, amevuta mdomo, mkono mmoja ameulaza gotini. Na mkono huo una vidole vitatu! Swali limejileta lenyewe. Nikamdokeza mchongaji, kwa upole tu, kwamba vidole vitatu ni fikra nzito, ingawa mtu asiyeijua sanaa anaweza kudhani fundi alichoka kuhesabu. Mchongaji ni dada wa maneno machache. Aliitazama sanamu yake kitambo, kisha akanishukuru. Tumeagana vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi sebuleni. Nimewakusanya shangazi, shemeji na mke wangu. Sanamu hatuna, kwa hiyo nimeuweka mtungi wa gesi juu ya stuli na kuufunika shuka. Nikaeleza kwamba huyu ni mwanamke, ameketi, mkono gotini, vidole vitatu. Shangazi akauliza goti liko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza kama gesi imo.

Swali kuu nimempa yeye: mbona mkono una vidole vitatu? Ishara yake ni mimi kupangusa paji la uso. Nikipangusa tu, asimame. Shemeji atauliza hii ni mbao ya mti gani. Amenuna kwa kupewa swali dogo ilhali yeye ndiye mwenye sauti. Mke wangu atauliza mwanamke huyu amemnunia nani. Amesema hilo halina haja ya kukariri.

Lakini shangazi jamani! Amelirudia swali lake akikoroga chai, akivaa viatu, hata akiwa nje ya geti. Amesema sasa akifumba macho anaviona vile vidole, na cha katikati kimepinda kidogo. Vipaji tunavyo katika ukoo wetu, tumekosa tu mtu wa kutuendeleza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sanamu imefika, imefunikwa gubigubi. Nimempigia mchongaji kumuuliza kama yuko tayari. Akanijibu kwamba ushauri wangu ameufanyia kazi. Nimefurahi. Wasanii wanaosikiliza ni wachache.

Nilitaka kuchungulia chini ya shuka, kidogo tu, ila Swali Fupi alikuwa ameshajikalisha kiti cha mbele. Nikamwambia mazungumzo ni kesho. Akasema anajua, amekuja kukizoea kiti. Halafu akaanza kunisimulia kuhusu kiti cha marehemu baba yake. Nimefika nyumbani chakula kimepoa na mke wangu amelala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nimejifungia chumbani.

Ukumbi ulijaa. Nasema ulijaa! Shangazi alikuja na majirani zake wote, wengine wakakaa madirishani. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu mlangoni. Nikatoa hotuba yangu ya ufunguzi, nikashika ncha ya shuka, nikavuta.

Mwanamke ameketi. Amevuta mdomo. Mkono haupo.

Mchongaji ameukata wote! Pale gotini, palipokuwa na vidole vyangu vitatu, sasa kuna upindo wa nguo uliochongwa vizuri na kusuguliwa mpaka unang'aa. Jasho likanitiririka usoni. Na mtu akitokwa na jasho hufanya nini? Nikapangusa paji la uso.

Shangazi akasimama. Nikamtolea macho. Nikamtikisia kichwa. Yeye akaona namtia moyo. Kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, akauliza mbona mkono una vidole vitatu.

Watu wakaitazama sanamu, wakamtazama shangazi. Kisha Swali Fupi akainuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Sasa ataongea mpaka jioni, nikawaza, na watu watasahau kila kitu. Akavua kofia.

"Vidole gani?"

Akaketi. Hakuongeza hata neno! Miaka yote namsihi afupishe, akaja kuichagua leo.

Shangazi hakubali kushindwa hadharani. Akamgeukia. "Baba, usinifanye kipofu. Mimi nimeviona Jumatano kwa macho yangu haya, kwenye mtungi wa gesi. Cha katikati kimepinda."

Kicheko kilivyolipuka, shemeji akadhani zamu yake imefika. Akaruka juu kuuliza hii ni mbao ya mti gani. Mke wangu hakujisumbua hata kusimama. Alisema tu kwamba anadhani sasa wote tumeelewa mwanamke huyu amemnunia nani. Mkurugenzi hakuwa anatabasamu tena. Nilitamani lile shuka nijifunike mimi.

Ndipo mchongaji akasema. Alisema vidole vilikuwepo, na ni vitatu kweli. Alivichonga makusudi. Kisha akaja mtu kumwambia watu watadhani hajui kuhesabu, akaona aibu, akashika tindo. Hakunitaja. Lakini alinitazama, na watu wote wakafuata macho yake.

Sijawahi kuona ukumbi ule ukichangamka hivyo. Wapo waliosema arudishe mkono. Wapo waliosema mkono uliofichwa una maneno mengi kuliko unaoonekana. Shangazi akasema mwanamke yule vidole viwili vimeliwa na kazi, na kwamba yeye binafsi anamjua. Mchongaji akapangusa machozi, akasema hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Watu wakaanza kugombania kusema, na shangazi, bila kutumwa na mtu, akawa anawapanga. Wewe wa kitambaa cha kijani subiri kidogo. Wewe uliyeegemea ukuta sema sasa. Swali Fupi alipoinuka tena, akaambiwa akae, zamu yake imekwisha. Akakaa! Hata mlinzi aliuliza swali.

Mwisho Mkurugenzi akatangaza uamuzi. Hakunichagua mimi, wala Swali Fupi. Kuanzia wiki ijayo mazungumzo yataongozwa na shangazi. Mimi nitapanga viti na kuvuta shuka. Shangazi amenipapasa bega mbele za watu, akaniambia nisijali, mwanangu, viti navyo vinahitaji mtu makini. Iliniuma mno. Swali Fupi akanifuata mpaka getini kunipa pole fupi. Nimefika nyumbani giza limeingia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetafakari siku nzima dukani, nimevunja vioo viwili, na kosa nimeliona. Nilichagua watu wasiofaa. Shangazi ana maneno mengi mno, na shemeji hajui kusubiri. Wazo lenyewe halikuwa na kasoro yoyote.

Mgeni wa Jumamosi ijayo ni mchoraji. Leo jioni nimepita kwake kuiona picha kabla haijafunikwa. Ni mbuzi, mkubwa, amesimama katikati ya uwanja kwa miguu mitatu. Mitatu! Kutoka hapo nimekwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nilimwamkia vizuri, nikambebea ndoo zake za maji, akakubali. Nitakapokohoa, atasimama na kuuliza mbona mbuzi ana miguu mitatu. Shangazi atababaika, hatajua aseme nini, na Mkurugenzi atalazimika kunirudishia mimi kiti. Mama mkwe amelishika swali upesi kuliko nilivyotarajia. Ameapa kwamba halitamtoka kichwani hata iweje.

Safari hii nimekuwa mwangalifu kwa kila jambo. Nimemfikiria hata mchoraji mwenyewe, asije akaaibika mbele ya watu. Kabla sijaondoka kwake nilimdokeza, kwa upole tu, kwamba mbuzi wake amepungukiwa mguu. Amenishukuru sana, kijana wa watu. Nilipogeuka kumuaga, alikuwa ameshachukua brashi.