Siku Kumi za Kuupumzisha Mwili

Jumatatu, 3 Machi

Sabini na moja. Tena! Wiki ya tatu hii. Mizani ya duka la dawa imeganda kama saa mbovu.

Namna tunavyopima ni hivi. Napanda na binti yangu mgongoni, kwa sababu Bosi (ndivyo tunavyomwita nyumbani, kwa amri zake) hakubali kuwekwa chini, wala kushikwa na muuza dawa, ambaye aliwahi kumnywesha dawa chungu na hajasamehewa. Tukipanda wawili inasoma sabini na nane. Natoa saba za Bosi, zilizoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili tulikuta mizani yao imeharibika, wakamchoma sindano tu wakaturudisha. Sabini na nane toa saba. Hesabu naijua, shule niliacha kwa mambo mengine.

Wiki tatu za kabichi ya kuchemsha! Chai kavu! Jana nimeota mkate. Sikuwa naula. Ulikuwa unaniita kwa jina langu.

Na siku zinakimbia. Tarehe 24 likizo ya uzazi inaisha, narudi duka la mikate. Msimamizi alishasema: sare ni ile ile ya bluu, yenye zipu ubavuni, mpya hakuna mpaka mwakani. Ikinienea, nipo kaunta kama zamani, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, na bibi yake Bosi atakuja kukaa naye. Isiponienea, nakwenda nyuma kwenye tanuri, ambako mtu anafunga aproni juu ya chochote alichovaa. Tanuri linaanza saa kumi alfajiri. Bibi saa hiyo hatoki kwake. Na saa hiyo ndiyo Bosi anataka kunyonya na kuimbiwa. Baba yake ana mema mengi, ila maziwa hana.

Sare yenyewe yuko nayo wifi yangu, mdogo wa mume wangu, tunakaa naye. Ni msusi, pale kaunta ananishikia nafasi tu. Moyoni nimempa jina Kiuno. Huyo anapita mlangoni ukiwa umefunguliwa robo.

Jumanne, 4 Machi

Nimelia duka la dawa. Mbele ya watu! Bosi naye akalia kunisaidia. Muuza dawa akatuvutia kiti, akaniuliza nakula nini. Nikamtajia. Akasema, ala, mama, hicho ni chakula cha sungura, tena sungura mgonjwa.

Akanieleza. Mwili ukinyimwa muda mrefu unashtuka, unaanza kubana matumizi, unakatalia pale pale ulipo. Dawa yake ni kuupumzisha kwa mpango. Siku kumi. Nile kawaida, nishibe, ila nisizidishe. Nitembee. Siku ya kumi na moja nirudi kwenye kupunguza, taratibu, tena safari hii kwa chakula cha binadamu, maana nanyonyesha. Akasisitiza: ni mapumziko, si sherehe.

Kupumzika kwa mpango! Mpaka leo sikujua kitu kama hicho kipo. Nimeyaandika yote nyuma ya kalenda. Sehemu ya kushiba nimeiandika kwa kalamu. Ile ya kutozidisha kwa penseli.

Jumatano, 5 Machi. Siku ya kwanza

Mayai mawili. Wali. Maharage. Nyanya na chumvi. Mume wangu alirudi kutoka kazini na rangi hadi kwenye nyusi (ni fundi rangi), akafunua sufuria. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamweleza mpango wa mapumziko. Akasema Mungu ambariki huyo muuza dawa pamoja na wanawe, kwani na yeye kabichi ilikuwa inamtokea puani.

Jioni nimetembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Bosi mgongoni, amelala. Nilijisikia mwepesi. Nadhani mwili umeshaanza kusahau mshtuko.

Ijumaa, 7 Machi. Siku ya tatu

Siwezi kukaa. Nikikaa nasimama. Nikisimama nafungua kabati. Nimejipima kwa mkanda wa mume wangu mara nne kabla ya saa sita mchana, nikapata majibu manne.

Halafu Kiuno. Amerudi na mfuko wa keki zilizovunjika, zile ambazo haziuzwi. Kila siku analeta, na kila siku nilikuwa nazikataa huku nimeshika ukuta. Leo akanisogezea tena, akasema kwa sauti ya asali, wifi yangu, onja basi hata kipande, unakonda mpaka unanitia huruma. Unafiki! Anajua tarehe 24. Anajua kaunta. Watu wa mtaani wameanza kumwita dada wa mikate, na jina amelipenda.

Nikawaza haraka. Mimi niko mapumzikoni, keki kwangu ni halali. Lakini mbona nile peke yangu? Nikakata vipande, kila nikimega kimoja changu namega viwili vyake. Nikamwambia kula wifi, unasimama kutwa nzima, miguu itakuishia. Akala. Jamani, akala! Nikamwongezea na wali.

Mpango wangu wa pili umezaliwa. Nitamnenepesha. Mimi nikipungua na yeye akiongezeka, msimamizi ataona mwenyewe nani wa kaunta.

Jumapili, 9 Machi. Siku ya tano

Mpango unakwenda. Asubuhi nimempa Kiuno viazi vya kukaanga na mayai matatu. Alinikumbatia. Akasema mama yake mzazi hajawahi kumpikia hivi. Nilipata kamchomo kidogo moyoni. Kakapita.

Tatizo ni kwamba hali mpaka nile naye. Anasema kula peke yake kunamfanya ajione mgeni. Basi na mimi nakula, kwa ajili ya mpango.

Mume wangu kaniuliza haya mapumziko yenyewe yanapumzika lini. Nikamwambia apake rangi.

Ijumaa, 14 Machi. Siku ya kumi

Leo ndiyo mwisho kwa mujibu wa kalenda. Lakini nimekaa nikahesabu vizuri. Jumanne mchana nilikuwa na mafua, sikusikia ladha ya chochote, kwa hiyo Jumanne mwili haukupumzika. Jumamosi tulikuwa na mgeni, nikala kwa heshima, si kwa hiari. Siku hizo mbili zinadaiwa. Nimeziongeza mbele.

Kufika hapo nikaona mtu huwezi kuanza kujinyima Jumatatu ya kliniki. Nimeongeza na Jumatatu.

Penseli ya nyuma ya kalenda imefutika. Bosi ameilamba.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Mizani imetengenezwa. Muuguzi akamvua Bosi, akamweka, akaangalia, akaangalia tena, akaita mwenzake aje aone. Kilo nane na nusu! Akanigeukia akauliza unampa nini huyu mtoto. Nikasema maziwa tu. Akasema haya maziwa yako yangeuzwa tungepanga foleni.

Nilisimama pale na nguo za Bosi mkononi. Nane na nusu! Mimi wiki zote hizo nilikuwa natoa saba. Kilo nilizokuwa nazilaani pale duka la dawa, nikizinunia, nikizililia mbele za watu, zilikuwa zake. Mashavu yale. Mapaja yale yenye mikunjo kama mto wa kulalia. Nilimbusu mpaka muuguzi akaomba apewe nafasi ya kumaliza kazi.

Akanipandisha na mimi, peke yangu, Bosi akiwa mikononi mwake anapiga kelele za kuitisha polisi. Sabini na moja kamili.

Nimerudi nyumbani mbio. Nikamwambia mume wangu: kabla ya mapumziko sabini na moja, baada ya mapumziko sabini na moja. Nimekula siku kumi na mbili na sijaongezeka hata gramu moja! Akachukua kipande cha chaki, akaandika ukutani, kwenye ukuta alioupaka mwenyewe. Sabini na nane toa nane na nusu. Akasema mke wangu, wewe hukuwa umekwama. Ulikuwa umeshafika karibu sitini na tisa na nusu. Ulikuwa unashuka vizuri tu, mtoto ndiye aliyekuwa anapanda. Mapumziko yako ndiyo yamekurudisha kilo moja na nusu.

Nikamwambia hiyo ni hesabu ya mafundi rangi. Huwezi kuchanganya kilo za zamani na kilo za sasa. Akafuta ukuta kwa kiganja, akaenda kunawa. Kwenye mlango akasema lakini sare haiulizi hesabu. 

Jumatano, 19 Machi

Kiuno karudi amevaa gauni lake, uso umemvimba kwa kulia. Zipu imepasuka! Kaunta, mbele ya mteja aliyekuwa anaagiza keki ya harusi. Alikuwa amejinyoosha kuchukua boksi juu, ikatoa sauti ya kuchanika, mteja akashika mdomo. Akamalizia zamu amejifunga aproni ya tanuri. Msimamizi kamwambia apeleke sare kwa fundi cherehani, irudi kabla ya Jumatatu.

Hilo ndilo nililolitaka. Nilidhani nitacheka. Nikaenda jikoni kucheka, kicheko hakikuja. Alikaa kwenye kitanda ameshika sare mapajani, akasema wifi, sijui nimekuwaje, na mimi najua amekuwaje kwa sababu nimempikia mwenyewe. Nikamchemshia chai. Nikaweka sukari vijiko vitatu kwa mazoea.

Ijumaa, 21 Machi

Hofu. Nimetoa sketi yangu ya zamani, ya kabla ya mimba, na kuijaribu. Inafika mapajani, inasimama, inakataa kuendelea na safari. Nimelala chali kitandani, nimevuta pumzi, nimevuta sketi, Bosi amekaa kifuani anashangilia.

Sare ilikwenda kwa fundi, sijaweza kuijaribu. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza amefunga. Mara ya pili kasema wifi yako ameshaichukua, mama, mbona mnanichanganya. Na Kiuno naye tangu ipasuke anaiacha dukani.

Nimerudi kwenye kabichi. Mchana nimekula kabichi, jioni nimekula kabichi. Nimezunguka mtaa mara tisa na Bosi mgongoni, mpaka mwenye kioski akaniuliza kama nimepotea. Kila mzunguko nilikuwa naona ile alfajiri: mimi kwenye giza na aproni, yeye huku ameamka, anatazama mlango. Hajui maneno bado. Angeniitaje?

Mzunguko wa tisa nilikuwa nalia, na yeye ananipigapiga mgongoni kwa kiganja, kama ninavyomfanyia akiwa na gesi.

Jumatatu, 24 Machi

Niandike upesi.

Saa moja na nusu nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, pale dukani. Nyuma yangu msimamizi amesimama na daftari la zamu, kalamu wazi. Kiuno kaja kunikabidhi sare, ameikunja vizuri kama zawadi. Nikaingiza mikono. Nikafumba macho. Nikashika zipu.

Ikapanda! Mpaka juu! Bila kusita! Nafasi ikabaki ya kuingiza vidole viwili! Msimamizi akaniangalia juu mpaka chini, akasema eti uzazi umekupenda, akaandika kaunta. Kaunta! Nilimkumbatia, akasema tusizidishe.

Kiuno akanivuta pembeni. Akaninong'oneza kwamba fundi, alipobadilisha zipu, alifungua mishono yote miwili ya ubavuni, akatoa kila kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani, vidole vinne kila upande. Kiuno mwenyewe ndiye aliyemwomba hivyo, ili aweze kumaliza wiki. Akasema nisimwambie mtu. Nikamtazama kwa huruma. Nikamwambia sawa, wifi yangu, nashukuru. Wivu ni kitu kibaya, unamfanya mtu abuni hadi mishono.

Ubavuni kweli kuna uzi mweupe ambao sijawahi kuuona. Taa za pale ni kali, zinaonyesha kila kitu.

Saa tisa na dakika ishirini nilikuwa mlangoni kwangu. Bosi alikuwa mikononi mwa bibi yake, amenuna kama hakimu. Aliponiona alipiga ukelele mmoja, akajirusha. Amenyonya akiwa ameshika zipu ya sare kwa ngumi, asije akaibiwa.

Jumanne, 25 Machi

Nimepita duka la dawa kumshukuru yule bwana. Nimemwambia mapumziko yamefanya maajabu, nimeingia kwenye sare kama mkono kwenye mfuko. Akaniuliza siku kumi? Nikasema kumi na kitu. Akauliza na sasa nimerudi kwenye utaratibu? Nikasema nimesharudi, Ijumaa yote. Akajishughulisha na kupanga chupa.

Jioni nimemkuta Kiuno sebuleni anamsuka jirani. Amerudi kwenye kazi yake, hana kinyongo, ila ana huzuni. Jirani alipoondoka akanifungukia. Anataka kupungua. Hajawahi kujinyima maishani, hajui pa kuanzia, anaogopa. Akasema wifi, wewe umefaulu, nifundishe. Machozi yalinilengalenga. Mimi kufundisha mtu!

Nimemketisha. Nimetoa kalenda. Nimemwambia kosa langu lilikuwa moja tu, nilianza na kujinyima, mapumziko nikayaweka mwisho. Nimeteseka bure wiki nzima nzima. Mwenye akili anaanza na mapumziko, kisha mwili ukishatulia kabisa ndipo uambiwe habari nyingine.

Tumekubaliana siku kumi. Nimeamua nipumzike naye, asijione mpweke. Sasa hivi amekwenda dukani kutafuta keki.