Ukungu Wenye Kunuka Samaki

Batu bote ba kando ya ziwa, kutoka Chienge mpaka hapa Nchelenge, bajue neno hili: hakuna nyumba yenye hewa safi kupita nyumba ya nyanya yetu, Kambo Jeanine. Yeye mwenyewe njo alitangaza vile pale sokoni, kwa sauti kubwa. Kiisha akakohoa mara tatu, akapangusa macho, akaongeza:

«Safi kabisa, siku upepo unavuma kule kwingine.»

Shida ni kwamba siku ile haikuwa inafika. Na Kambo alikuwa na haraka. Mujukuu wake Débora, mwenye kuzaliwa mbele ya miezi yake kutimia, alikuwa ameshakaa hospitali wiki kumi na moja pamoja na mama yake Florentine. Munganga alikubali mutoto arudi, lakini kwa sharti moja: mapafu yake ni teketeke, moshi hautakiwi. Mutu wa hospitali atakuja kuona nyumba. Akisikia moshi, mutoto haondoki.

Kambo alifanya yake yote. Mbabula, jiko yake ya makaa, aliipeleka mbali, kule mwisho wa kiwanja. Mapazia yalifuliwa mara mbili. Hata jogoo alihamishwa kwa jirani, juu anapigaka mabawa na kurusha vumbi. Kilibaki kitu kimoja: kile kibanda nyuma ya lupango, uzio wa kiwanja, chenye kutoa moshi asubuhi mpaka jioni.

Akaenda kushitaki kwa Komite ya Hewa Safi. Prezida wa komite, Bwana Apollinaire, alimupokea na heshima yote.

«Prezida, ule moshi.»

«Moshi gani, Kambo?»

«Ule unaingia mu macho yako sasa hivi.»

Prezida alipangusa machozi. «Tuende kwa utaratibu. Ziwa limefungwa ao halikufungwa?»

«Limefungwa. Serikali ilikataza kuvua mpaka samaki zizae.»

«Kama limefungwa, samaki iko?»

«Kwa sheria, haiko.»

«Kama samaki haiko, nani atabanika? Kama hakuna mwenye kubanika, moshi utatoka wapi? Ile unaona, Kambo, ni ukungu wa ziwa.»

«Ukungu wenye kunuka samaki?»

«Unatoka mu ziwa. Unataka unuke mbuzi?»

Komite haikulala. Ilikaa vikao vitatu, ikachagua makamu wa prezida wa mambo ya ukungu, na mwisho ikatoa azimio: ukungu ni mali ya asili, haufukuzwi, mutoto ashauriwe kupumua kwa kiasi mpaka ziwa lifunguliwe.

Siku ya ine Sista Beauty alifika kutoka hospitali na fomu yake.

«Mwapoleni, ba Kambo.» Hakumaliza salamu, akakohoa. «Nani anabanika hapo?»

Prezida alikuwa ameshafika na koti na kashe, muhuri wa komite, mufukoni, juu anapendaka kupiga kashe kupita kula. «Ni ukungu, ba Sista. Komite imechunguza.»

«Ukungu ao moshi, kifua ya mutoto haisomi azimio. Siwezi kutia sahihi. Mutoto anabaki wodini.»

Kambo Jeanine alikaa chini. Kitanda kidogo kilikuwa tayari ndani, na chandarua mupya juu yake. Aliangalia kitanda, akaangalia kibanda, kiisha akamuangalia Prezida, na uso wake ukawa mutamu kama wa mutu mwenye kuomba chumvi.

«Prezida, baba yangu, miye nilisoma kidogo tu. Kile kibanda ni ya nani?»

«Haina mwenyewe. Iliachwa zamani.»

«Na mule ndani?»

«Hamuna kitu.»

«Aksanti. Nisaidie, andika vile, Sista apeleke kwa bakubwa.»

Kuandika! Prezida aliandika mistari mine, akapiga kashe pale, akapiga tena pembeni juu ya uzuri. Kambo alichukua karatasi, akamupa Sista. Kiisha akachukua ndoo ya mayi.

«Unaenda wapi, Kambo?»

«Kumwangia ukungu mayi. Hauna mwenyewe.»

Akafungua mulango wa kibanda, akamwanga. *Shhhh!* Ukungu wa ziwa, mali ya asili, ukafa palepale. Sista Beauty alingojea kidogo, akavuta pumuzi ndefu, akatabasamu, akatia sahihi.

«Kesho mutoto anakuja, ba Kambo. Lakini moto usirudi.»

«Hautarudi, mwanangu.» Kambo alikuwa ameshajaza ndoo ya pili, anainyanyua juu kwa mikono miwili. «Naona ukungu ungine umebaki kule juu ya dari.»

Prezida akaruka, koti likabaki kwa musumari wa lupango.

«Kambo, hapana! Ya chini mwanga, lakini ile ya juu usiloweshe! Imeshakauka, kesho kutwa inaenda soko ya Puta!»