Mabati Yaliyokwama Bandarini

Zahoro alikuwa mgahawani Tunduma akinywa chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa ya wakubwa, redio ikatangaza kwamba watumishi wa umma watasaidiwa kununua nyumba. Wenzake waliguna wakaendelea kutafuna mihogo. Zahoro akashusha kikombe. Mtu anayevusha sabuni kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ameifunga tumboni kama mjamzito hahitaji kuambiwa riziki ikipita.

Kesho yake aliazima suti ya Kaunda kwa fundi cherehani, suti ya mteja mwingine, akajaza kalamu mfukoni, kwani nchi hii cheo hupimwa kwa kalamu. Akadandia lori hadi kijiji kimoja mbele kidogo ya Nanyala. Jina la kijiji silitaji. Waliohusika bado wana vyeo.

Katibu wa pale, Nathanaeli, alimpokea kwa mikono miwili.

"Ndugu Katibu, mimi ni Afisa Makazi," Zahoro alisema. "Kuna nyumba Mbeya mjini kwa watumishi wenye mwamko. Tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, choo cha ndani."

"Cha ndani?"

"Cha kukalia. Unasoma na gazeti."

Nathanaeli alimeza mate. "Na malipo?"

"Mkopo. Unalipa polepole mpaka unazeeka. Sisi tunataka kianzio tu, na fedha hatupokei. Fedha inaleta ubepari. Lete mabati."

Mabati yalikuwapo. Kijiji kile kilikuwa na zahanati isiyo na paa. Wanawake walibeba mawe kichwani, wanaume wakafyatua tofali, kuta zikasimama mpaka zikaota majani. Kila wakiuliza, Katibu aliwaambia mabati yamekwama bandarini. Bandari yenyewe ilikuwa chini ya kitanda chake, na gati lingine chini ya mahindi ya Sadoki, mhasibu wa ushirika.

Huku nyuma wajawazito walijifungulia njiani kwenda Vwawa. Aida, mkwe wa mjane aitwaye Sekela, alijifungulia kwenye mtaro wa barabara kuu, na mtoto hakuiona jioni. Siku ya mazishi pembe ya msaragambo ililia, watu wakaitwa kulima shamba la kijiji. Sheria ya Katibu ilikuwa fupi: pembe ikilia, asiyefika anatoa kuku. Sekela alikuwa makaburini. Kuku wake akaliwa na Katibu. Sasa Aida alikuwa na mimba nyingine, na mwezi wake umefika.

"Ndugu Afisa," alinong'ona Sadoki, aliyekwisha kuitwa na Katibu, "mtu akizidisha mabati, anapata nini?"

"Anapata nyumba ya kona. Upepo pande mbili."

Basi mabati yakatoka uvunguni, yakapakiwa kwenye lori alilokodi Zahoro kwa ahadi. Alipakia mchana kweupe. Usiku kuna mgambo na vizuizi. Mchana mwizi mwenye suti anapigiwa saluti. Hesabu yake ilikuwa Tunduma, mpaka, Nakonde, na kwaheri.

Lori likamkuta Sekela amesimama katikati ya njia, jembe begani.

"Shikamoo, mama," Zahoro alisema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Mabati hayo ya nini?"

Mwizi wa kawaida angemwambia apishe. Lakini Zahoro alikuwa fundi wa maneno, na watu walishaanza kusogea. "Ya maendeleo ya wananchi, mama."

"Ahaa. Na sisi si wananchi?" Akamgeukia Nathanaeli, aliyekuwa anasindikiza kianzio chake kwa miguu. "Ndugu Katibu, kumbe yametoka bandarini?"

Katibu alipiga hesabu. Akisema hayajatoka, ataulizwa haya yametoka wapi. Akatazama watu, akatazama viatu vyake.

"Yametoka," alisema.

"Leo hii?"

"Leo hii, mama."

Sekela alikwenda ofisini kwa Katibu, akaitungua pembe ukutani, akapuliza kama mtu anayedai kuku wake. Kijiji kizima kikaja na nyundo na ngazi, kikayashusha mabati zahanati. Hakuna aliyetaka kutozwa kuku.

"Ndugu Afisa, wewe kijana, panda juu," Sekela alisema. "Au wageni hawasikii pembe?"

Zahoro alipanda na suti ya watu. Ikachanika goti, ikachanika kwapa. Chini yake Sadoki alikuwa ameinua bati, jasho linamtiririka.

"Na kona yangu?" alinong'ona kwa uchungu.

"Ndiyo hiyo umeishika. Usiiachie, kuna upepo."

Jua lilipopinda, paa lilikuwa limekamilika. Zahoro alipigiwa makofi, akapewa hindi la kuchoma. Dereva, aliyetaka chake, alimvua viatu. Na kule Tunduma fundi cherehani alikuwa anamngoja mlangoni na mkasi.

Aida alijifungua salama chini ya bati, na mtoto alilia mpaka barabarani. Na wakubwa? Walikuja kufungua zahanati wakiwa na mkasi na utepe, wakamsifu Katibu kwa moyo wa kujitolea, wakamhamishia wilayani. Mpango wa nyumba ulipofika kweli, jina lake lilitangulia. Ana choo cha kukalia. Sisi tunachuchumaa.

Zahanati yenyewe haikuwa na hata kidonge. Katibu mpya, kijana mwenye kalamu nyingi, aliitisha mkutano akaeleza kwamba dawa zimekwama bandarini.

Sekela alimweka mjukuu begani, akainuka.

"Mwanangu," alimuuliza, "unalala chumba gani?" Akaenda kuitungua pembe.