Kibali cha Kupunguza Tumbo

Watumishi wote walitangaziwa, kwa waraka wenye mihuri mitatu na nembo ya rangi, kwamba kuanzia tarehe mosi hakuna mtumishi wa umri wa makamo atakayeruhusiwa kunenepa kiholela wala kukonda kiholela. Kunenepa kiholela kulieleweka. Kukonda kiholela ndiko kulikowakunisha watu vichwa, mpaka ukurasa wa pili ulipofafanua: kukonda ni shughuli ya umma, na shughuli ya umma haifanywi bila kibali.

Jina kamili la utaratibu huo lilikuwa Mpango Shirikishi wa Kupunguza Uzito kwa Gharama Nafuu kwa Watumishi wa Miaka Arobaini na Kuendelea. Uliwekwa chini ya kamati ya watu saba, wote wakubwa, kwa cheo na kwa mwili, na mwenyekiti wao alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Kamati ilipewa chumba ghorofa ya sita chenye viti vya kuzunguka, na ikapewa fungu la vitafunio, kwa sababu mtu hawezi kulitafakari tumbo la mwenzake wakati la kwake linanguruma. Hilo lilipitishwa kwa kauli moja, midomo ikiwa imejaa.

Waraka ulishuka hadi masjala, chumba cha chini kabisa, ambako kila karatasi ya jengo lile huanzia safari yake na kuimalizia. Mwenye masjala alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na jengo zima lilimwita Mama Mafaili. Hata mume wake akipiga simu ya ofisini aliuliza kama Mama Mafaili yupo. Aliusoma waraka mara mbili, akaugonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kisha akauambia kimoyomoyo maneno ambayo hayaingii kwenye jalada lolote.

Alikuwa na sababu. Yeye alikwisha kuanza kukonda kiholela.

Wiki tatu nyuma nesi wa zahanati alimfunga mkanda wa presha mkononi, akasoma namba, akaufungua, akamfunga mkono wa pili kana kwamba wa kwanza umesema uongo. Mkono wa pili ukatoa ushahidi ule ule.

"Mama, hii si ya kuchezea," nesi alisema. "Nakupa miezi mitatu. Punguza mwili, tembea, acha chumvi. Usipopunguza tunaanza vidonge, na hivi ukianza ndiyo umeanza."

Mama Mafaili hakuogopa vidonge. Aliogopa kamba ya nguo. Mama yake mzazi alianguka chini ya kamba ya nguo, shuka bichi likiwa mkononi, akiwa na miaka hamsini na miwili, na hakuinuka tena. Toka arobaini na tisa mpaka hamsini na mbili, hata mtoto wa chekechea anaweza kuhesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Usiku ule hakulala.

Ukumbi wa mazoezi wa mjini aliuchungulia mlangoni, akasoma bei ukutani, akaona kwamba akilipa kweli atakonda, ila kwa njaa, yeye na watoto. Basi akajifunga kibwebwe kwa njia zake. Jioni alishuka kwenye basi vituo viwili kabla ya kwake. Na kila saa saba mchana alivaa raba za bintiye, akamchukua Bi Birika, mpika chai wa ofisi, ambaye naye magoti yalikuwa yameanza kumlalamikia, wakapanda ngazi toka masjala hadi ghorofa ya sita, wakashuka, wakapanda tena. Bure kabisa. Wiki ya tatu kifungo cha sketi kilichokuwa kimegoma tangu mwaka jana kikakubali kurudi kazini.

Siku waraka ulipoanza kutumika, walimkuta Afande, mlinzi wa mlangoni, amehamishiwa chini ya ngazi pamoja na kiti chake.

"Mnakwenda wapi?"

"Juu," alisema Mama Mafaili.

"Kufanya nini huko juu?"

"Kushuka," alisema Bi Birika.

Afande akafungua waraka, akafuata mistari kwa kidole. "Fasili ya zoezi. Mwendo wowote unaomfanya mtumishi aheme, atokwe jasho au afurahi nje ya majukumu yake. Kupanda kwa nia ya kushuka ni zoezi. Kibali kiko wapi?"

"Na nikipanda nimeshika barua?"

"Hiyo ni kazi, mama. Kwenye kazi ukihema ni uzalendo. Pita."

Mtu mwingine angebeba bahasha tupu na kuendelea na mambo yake. Lakini Mama Mafaili alikuwa ameishi na karatasi miaka ishirini na minne, na moyo wake haukumruhusu kubeba bahasha isiyo na kitu ndani. Akaamua kuomba kibali, kwa utaratibu.

Utaratibu wa jengo lile ulikuwa mmoja tu: kupitia kwa. Barua haiendi kwa mkubwa moja kwa moja, inakwenda kupitia kwa fulani, ambaye hupitia kwa fulani. Wasimamizi hawa hawakupangwa kwa ghorofa bali kwa heshima. Wa kwanza alikaa ghorofa ya pili, wa pili ghorofa ya tano, wa tatu ghorofa ya kwanza, wa nne alihamia ya nne kwa sababu ya upepo, na wa mwisho alikuwa kamati yenyewe, kule sita. Na kwa kuwa habari za tumbo la mtumishi ni siri ya serikali, fomu haikuruhusiwa kupewa tarishi. Mwombaji aibebe mwenyewe. Lifti ilikuwepo, nzima kabisa, yenye kioo na mwanga mzuri, ila mlangoni ilibandikwa: KWA WAJUMBE WA KAMATI TU, WANAPOHARAKISHA SUALA LA WEMBAMBA.

Kwanza fomu ilitaka uzito wa kuanzia. Jengo zima lilikuwa na mizani moja, ile ya masjala ya kupimia vifurushi, na mwisho wake ni kilo ishirini na tano. Kamati ilikaa siku mbili juu ya tatizo hili, ikala keki nne, ikaamua kwamba watumishi wapimwe kwa awamu. Mtaalamu wa kamati akashuka na daftari. Jumatatu alipima mguu wa kulia wa Mama Mafaili, Jumanne wa kushoto, Jumatano mikono, mmoja baada ya mwingine, akiwa amepiga magoti mbele ya kaunta kama anayeungama. Alhamisi tumbo liliwekwa juu ya mizani peke yake, mwenyewe akiwa ameegemea kabati, na Bi Birika akalazimika kutoka nje kwenda kucheka. Jumla ikawa kilo mia moja na sita.

"Kichwa hujapima," Mama Mafaili alimkumbusha.

"Kichwa cha mtumishi wa kada ya chini hakiathiri jumla," alisema Mtaalamu, akafunga daftari.

Safari ikaanza. Wa ghorofa ya pili alikuwa kwenye semina, rudi mchana. Mchana alikuwa ametoka, rudi kesho. Kesho akasaini, lakini wa ghorofa ya tano akakataa kwa sababu saini ilikuwa ya wino mweusi na tumbo ni jambo la wino wa bluu. Rudi ghorofa ya pili. Wa ghorofa ya kwanza alitaka nakala tatu, na mashine ya nakala ilikuwa ghorofa ya sita, karibu na kamati, ambayo ndiyo iliyoihitaji zaidi kwa menyu. Wa ghorofa ya nne alikuwa mtu mwema sana. Hakuwahi kumkatalia jambo. Alimwambia tu, kila siku kwa wiki sita, "Faili lako linashughulikiwa, mama, hebu nipitie baadaye," na baadaye Mama Mafaili alimpitia.

Huko ngazini alikutana na Bi Birika kila mara, kwa kuwa kamati ilikaa asubuhi na jioni, na kila kikao kilihitaji chai, keki, korosho na soda, na Bi Birika hakuwa mjumbe wa kutumia lifti. Alipandisha masinia kwa miguu. Keki zilipanda zikabaki, mwenyewe akashuka mwepesi zaidi ya alivyopanda.

"Leo safari ya ngapi?" Bi Birika aliuliza.

"Ya saba. Wa ghorofa ya tano anasema nimekunja fomu."

"Fomu imekunjwa, na wewe umekunjuka. Hebu jitazame shingo!"

Afande aliwapisha wote wawili kwa heshima. Walikuwa wanahema kazini.

Mwezi wa tatu ulipotimia, Mama Mafaili alikwenda zahanati akiwa na hakika kwamba ameshindwa. Tangu waraka uanze, mazoezi hakufanya hata siku moja. Alikuwa akisubiri kibali. Nesi akafunga mkanda, akasoma, akahamia mkono wa pili.

"Mama, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, mwanangu. Nilikuwa nafuatilia barua."

"Basi endelea kuifuatilia. Presha imeshuka. Vidonge hutaki, na mimi sikupi."

Mama Mafaili akalia pale pale kwenye benchi, bila aibu, watu wakimwangalia, akamwita mama yake kwa jina.

Wiki hiyo hiyo jibu la kamati lilishuka. Ombi limekataliwa. Kamati, baada ya kumwona mwombaji akipita mara kwa mara, imejiridhisha kwamba hana tumbo la kutosha kuhalalisha kibali.

Alikuwa hajamaliza kuliweka kwenye jalada pale ilipotangazwa ziara ya Waziri. Waziri, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, alikuja kuzindua rasmi Mpango, akaleta na zawadi: mizani ya kweli, kubwa, inayong'aa, yenye kusoma namba kwa taa nyekundu. Utepe ukakatwa. Waziri akasema na ijaribiwe.

Hapo ndipo itifaki ilipofanya kazi yake. Katika jengo lile, chochote kinachoanza huanza na Mkurugenzi: kunawa mikono, kuketi, kupiga picha. Angeweza kusema leo waanze wadogo, na asingelaumiwa. Lakini miguu ya cheo ina mazoea yake. Kabla hajajua, alikuwa juu ya mizani.

Taa zikaandika mia moja thelathini na moja.

Waziri akafungua taarifa ya kamati. "Hapa umeapa kwamba una tisini."

"Hiyo ilikuwa bila suti, Mheshimiwa."

Wajumbe sita wakafuata, kila mmoja kwa ngazi ya mshahara wake, kila mmoja na maelezo yake kuhusu viatu. Hakuna aliyekuwa amepungua. Mtaalamu alitaka apimwe kwa awamu, akakataliwa. Mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo nafasi yake, akaitwa mtu wa masjala. Mama Mafaili akapanda, akashuka. Themanini na nane, na safari hii kichwa kilikuwemo.

"Ulianza na ngapi?"

"Mia na sita, Mheshimiwa."

"Ukumbi gani huo unaokwenda?"

"Siendi ukumbini. Nilikuwa nafuatilia kibali."

"Cha nini?"

"Cha kufanya mazoezi."

"Na ulikipata?"

"Nimenyimwa, Mheshimiwa. Ila nilipanda sana."

Korosho zikaacha kutafunwa. Mkurugenzi aliangalia dari, jasho likimchuruzika, akiona pensheni yake ikipunga mkono. Waziri akageuka polepole, akamtazama, kisha akapiga makofi.

"Huu ni ubunifu!" alisema. "Hakuna mashine, hakuna kiingilio, hakuna mwalimu. Ngazi tu na saini! Nani aliyebuni?"

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mkurugenzi alivuta pumzi, koti likabana, akasogea mbele.

"Kamati, Mheshimiwa. Tulibuni kwa makusudi mazima. Kila saini tuliipangia ngazi zake. Hata kule kuwarudisharudisha ni sayansi."

"Safi sana," alisema Waziri. "Na kwa nini nyinyi hamjaitumia? Jumatatu lifti ifungwe. Wajumbe wote saba waombe vibali, kwa miguu, kwa utaratibu huo huo. Nitakuja kuwapima mwenyewe."

Jumatano yake, karibu na saa kumi, masjala ikiwa kimya, Mkurugenzi aliingia peke yake. Hakuwa na koti wala msaidizi. Fomu ilikuwa mkononi, imelowa jasho pembeni. Akaishika kaunta kwa mikono miwili, akakaa kwenye benchi la matarishi, akahema.

"Mama, saini zote ninazo. Bado muhuri wako tu."

Mama Mafaili akaipokea. Akaipitia mstari kwa mstari. Wino wa bluu, nakala tatu, haikukunjwa. Kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kuona fomu iliyojazwa vizuri namna ile. Akachukua muhuri, akaugandamiza kwenye wino.

"Nikuambie kitu, na kibaki hapa," alisema Mkurugenzi, akiangalia viatu vyake. "Daktari amenipa miezi mitatu. Marehemu baba alianguka akiwa na hamsini na tano. Mimi mwezi ujao natimiza hamsini na nne."

Muhuri ukabaki hewani. Kwa muda wote ule Mama Mafaili alikuwa amemchukia mtu huyu, tena kwa dhati, kila ngazi kwa ngazi yake. Sasa aliangalia shingo iliyoloa, akaitafuta ile chuki, hakuiona. Akairudia fomu toka juu, akitafuta kosa. Akatafuta sana.

"Bosi," alisema mwishowe, "tarehe umeiandika kwa tarakimu. Inaandikwa kwa maneno. Itabidi urudi ghorofa ya sita."

"Mama, fomu hii nimeitunga mimi! Hakuna sharti kama hilo!"

Mama Mafaili akaweka muhuri kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, akamrudishia karatasi yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Lipo kuanzia leo," alisema. "Panda polepole, shika chuma. Ukichoka kaa, kisha uendelee. Na kesho njoo tena, nitakuwa nimekutafutia kosa jingine."