Kila Nyumba Ndoo

Mjanja wa kisa hiki ni mimi mwenyewe, nalisema mapema tusije tukazungushana. Hata hivyo nitamwita Crispus, kama kitambulisho kinavyosema, maana mtu hucheka vizuri zaidi akidhani anamcheka mwenzake.

Crispus alifika Faza akitoka Amu, na hakuaga. Chaja za simu alizowauzia watu wa Amu zilikuwa zimeanza kutoa moshi, na walionunua walikuwa wakimtafuta kwa jina na kwa sura. Alitaka kitu kimoja tu, nauli ya kumtoa visiwani moja kwa moja. Kiptoo, mpishi wa hoteli moja ya Manda, alikuwa ameahidi kununua kamba mawe wote atakaopelekewa, bora wawe hai. Tatizo ni kwamba Crispus hajui kuogelea, sembuse kuzamia kamba.

Siku moja, barazani kwa Jaafar mwenye duka, aliwasikia watu wakilalamikia mtaro. Maji machafu yalikuwa yakituama mbele ya madrasa, watoto wakiyavuka viatu mkononi. Kaunti ilikuwa tayari kuujenga upya, ila ilitaka kwanza kukutana na mtaa. Crispus akaona mlango umefunguka. Akaazima kizibao cha njano cha mwendesha bodaboda, akachomeka mfukoni kalamu mbili, moja haina wino, akaenda kwa Bi Radhiya, mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

Alijitambulisha kuwa afisa wa kaunti, idara ya mitaro. Idara yenyewe aliiunda akivua viatu mlangoni. Kwa sauti ya mtu aliyefiwa akaeleza kuwa mitaa ni mingi, fungu ni dogo, na wakubwa hulainika wakionjeshwa kamba mawe. Ndoo moja kutoka kila nyumba ingetosha. Bi Radhiya, mwalimu mstaafu, alimsikiliza bila kumkatiza. Akasema hilo ni jepesi, ila Bwana afisa aliandike tangazo kwa mkono wake.

"Lakini mambo ya kamba usiyataje ukutani," akamwonya. "Andika ndoo, basi. Watu wataelewa."

Crispus alimsifu moyoni, mama wa watu anazijua siri za ofisi. Akabandika kwa Jaafar: JUMATANO SAA TATU ASUBUHI, UWANJA WA MPIRA. KILA NYUMBA NDOO.

Jumatano akapatana na nahodha wa boti amngoje hadi saa tano, akaenda uwanjani akipiga mluzi. Akaukuta mtaa mzima. Wazee wamekuja, akina mama wamekuja na wachanga wao, hata Fawaz aliyevunjika mguu amebebwa pamoja na kiti chake. Wote mikono mitupu. Hapakuwa na ndoo hata ya kunawia.

"Ndoo ziko wapi?" akamnong'oneza Bi Radhiya.

"Ndoo gani, Bwana? Umetwambia ndoo, tumekuya."

Hapo ndipo mtu wa bara alipozinduka. Watu wa huku wakikwambia ndoo, wanakwambia njoo. Siku nne nzima alikuwa akikaribishwa kwenye sinia kwa kuambiwa "ndoo ule", naye akidhani anaonyeshwa ndoo fulani, akiwasikitikia wenyeji kwa jinsi ngeli zilivyowashinda. Alikuwa ameshinda njaa kwa sababu ya sarufi.

"Na wewe unajua Kiswahili cha vitabuni," akalalamika.

"Nimekisomesha miaka thalathini," Bi Radhiya akasema polepole. "Mara tatu nimeita mkutano, hakuya mtu. Mimi wamenizoea. Kaunti haitii saini mpaka nusu ya nyumba ziwepo. Nalihitaji afisa, hata wa uongo, nawe umejileta."

Papo hapo afisa wa kweli akaingia uwanjani, Bi Nkatha, aliyepigiwa simu na Bi Radhiya tangu jana. Nyuma yake alikuwa askari. Mara tatu Bi Nkatha alikuwa amesafiri akakuta watu watano na mbuzi, na sasa furaha ilimjaa waziwazi. Akauliza ni nani aliyeukusanya umati huu.

Crispus alitazama boti, kisha askari. Aliogopa, na hakuna haja ya kupamba.

"Ni huyu," akasema Bi Radhiya. "Katibu wetu mpya."

Crispus akagundua ghafla kwamba alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kuutumikia umma. Bi Nkatha akaandika namba ya kitambulisho chake, akamsomea sharti: katibu haondoki mtaani mpaka mtaro ukamilike. Akatia saini kwa jina lake halisi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Saa tano boti ikaondoka bila yeye.

Asubuhi yake mlango wake uligongwa. Alikuwa Aaliya, jirani, akiuliza katibu anasemaje kuhusu choo chake kinachofurika. Crispus akajibu kwa heshima kwamba ataiandikia kaunti barua. Aaliya akasema kaunti iko Amu na choo kiko hapa, akamkabidhi sepetu.