Fomu Yangu na Ovaroli za Bundi

Jumatatu, 8 Januari 1990

Sauti ya droo ya meneja bado iko masikioni. Droo ya chuma, imepinda, haifungi mpaka ipigwe teke. Mwaka jana aliitia humo barua yangu ya kuomba kazi bila kuisoma, akapiga teke. Miezi minane nyumbani na shahada ya saikolojia, nikisikia lile teke.

Leo nimemrudia na fomu. Maswali arobaini, nimeyachapa mwenyewe kwa stensili. Yanapima tabia: Moto, Maji, Jiwe au Upepo. Kila tabia ina kazi yake. Moto, karakana ya chuma. Maji, ushonaji. Jiwe, uashi. Upepo, upishi, maana hawezi kutulia mahali pamoja.

Bwana Ishmael, meneja wa polytechnic, chuo chetu cha ufundi hapa Ishiara, amesoma ukurasa mzima. Kwake hiyo ni kazi kubwa. Amesema nafasi ya mshauri wa wanafunzi ipo. Wapya ni thelathini na mmoja, wote wametoka darasa la nane. Niwapange. Ijumaa ikifika wakiwa wametulia kwenye kozi zao, kazi ni yangu. La sivyo, Bundi ataendelea kuwapanga.

Bundi ni mtunza stoo. Kwa miaka sita amewagawa wanafunzi kwa ovaroli. Mrefu huenda chuma, kwa kuwa ovaroli za chuma ni ndefu. Mnene huenda uashi. Anayekosa ovaroli huenda ushonaji, ajishonee.

Ameniuliza kama fomu yangu ina saizi. Nimempuuza kwa heshima.

Jumanne, 9 Januari

Fomu nimegawa. Wazipeleke nyumbani zijazwe na mtu anayewafahamu kuliko wote, maana kijana wa miaka kumi na sita hujidanganya. Juu kabisa ni jina la mwanafunzi, kisha: "Huyu ni mtu wa namna gani?"

Mama ameuliza kwa nini nisifundishe tu kama watoto wa wenzake. Nimemwambia mimi si mtu wa kufundisha, ni mtu wa kupanga. Akaendelea kupeta ndengu.

Jumatano, 10 Januari

Zote zimerudi. Moto ni kumi na tisa. Sikujua Ishiara ina watu wakali hivi. Swali la kumi na mbili, jioni hupenda kufanya nini: wasichana watatu, kunusa ugoro. Ukweli wa namna hii ni nadra. Swali la ishirini, huogopa nini: wavulana saba, mzungu wa kodi. Nimeandika pembeni: wana mwamko wa kiuchumi.

Kijana mmoja, Njue, ni Moto kamili. Arobaini kwa arobaini. Hana woga, hasira za karibu, amewahi kuua chui kwa panga. Ana umbo la mtoto wa darasa la tano na sauti ya kuomba radhi, lakini tabia haipimwi kwa futi. Nimempeleka chuma. Bundi alimtazama, akasema labda amkunjie mikono ya ovaroli mara nne. Tabasamu lake lilinikera mpaka saa ya chakula.

Alhamisi, 11 Januari

Saa nne asubuhi mwalimu wa chuma aliwasha gesi ya kuchomelea. Ikalipuka, "paa!" Muuaji wa chui akazimia.

Mama yake aliitwa. Alikuja na maziwa kwenye kibuyu, akamwita mwanawe "mzee", akamwomba mzee anywe kidogo. Nilimwonyesha fomu, nikauliza huyo chui aliuawa lini. Alifikiri. Kabla ya vita vya Mau Mau, alisema, yeye mwenyewe hajaolewa.

Nikamwambia nilitaka habari za Njue. Akasema hizo ndizo alizoandika. Njue ni baba mkwe wake, mtoto amepewa jina lake, mtu ni yule yule amerudi. "Mwalimu, huyu ana miaka kumi na sita tu," akasema kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyezimia. "Tabia yake mwenyewe angeipata wapi? Hata ndevu hana."

Nimezipitia fomu upya. Sikupanga wanafunzi. Nimepanga mababu na mabibi zao, wengi wao marehemu. Kuna bibi aliyefariki mwaka wa sitini na moja, yuko uashi.

Mimi mwenyewe ni Njura kwa jina la mama yake baba. Watu watasema nilipaswa kujua. Kosa si langu. Kosa ni la swali.

Ijumaa, 12 Januari

Wanafunzi kumi na saba walipanga foleni kuomba wahamishwe. Wazazi wakaja kuomba wasihamishwe. Baba mmoja alinishika mikono yote miwili, akashukuru kwamba hatimaye mama yake atasoma.

Bundi akatoa ovaroli. Dakika ishirini, kila mtu ana kozi. Njue alikosa saizi, akaenda ushonaji. Kufikia saa nane alikuwa ameshona mfuko na anaimba. Niliukagua mshono ule nikitafuta kosa. Umenyooka.

Kazi ya ushauri amepewa Bundi. Kisha meneja akasema jambo nisilolitazamia. Mwalimu wa Kiingereza na hesabu ameolewa Kibirichia, harudi. Nafasi ni yangu nikiitaka, ya kudumu. Alinisikia Jumanne nikiwaeleza wanafunzi fomu, akaona nina subira na wananielewa. Nimjibu Jumatatu.

Jumatatu, 15 Januari

Mtu makini hakurupuki. Nimeitengeneza fomu upya. Sasa ina maswali themanini, na juu imeandikwa "aliye hai". Wa kwanza kuijaza ni mimi, kwa ukweli mtupu. Matokeo: Upepo, alama sabini na sita. Upepo hafai kufundisha, fomu inasema wazi. Penye upishi nimefuta, nikaandika utafiti. Pale palikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Mama aliuliza kama fomu itaninunulia sabuni.

Saa mbili nilipeleka barua ya kukataa kazi. Meneja hakuwapo, nikampa Bundi. Aliisoma yote polepole, akanivutia kiti, akaniambia, "Njura, kufundisha hakuna ovaroli. Ungetosha tu." Nilibaki nimesimama. Nikamwambia agonge mhuri wa kupokelewa, akagonga.