Wazungu wa Kwenye Karatasi

Bidaar hakungoja hata kuvua buti zake za theluji. Alisukuma mlango wa mgahawa wa Dahabo, akasimama katikati huku maji yakimchuruzika sakafuni, akainua simu juu.

"Nyie wanajeshi wa kwenye viti, nyamazeni! Jimbo limetoa ruzuku."

"Ruzuku ya nini, ya mahindi?" Dhagoole aliuliza bila kugeuka.

"Ya shule. Shule zenye watoto ambao Kiingereza kinawapiga chenga. Harsted, hawa majirani zetu wa maili kumi na tano tu, wamepewa walimu watatu na basi. Basi, jamani! Na shule yetu sisi imepata... ngojeni... sifuri."

"Sijasikia."

"Sifuri."

"Rudia."

"Sifuri! Yai! Duara!"

"Nilisikia mara ya kwanza," Dhagoole alisema, akachovya sambusa kwenye pilipili. "Nilidhani ukirudia itaongezeka."

Ndiyo maana wakamwita Dhagoole, yaani kiziwi. Masikio yake ni mazima kabisa, ila huyafungua kwa hiari yake. Bidaar naye ni kipara, na Wasomali hawana kawaida ya kuficha jambo ambalo kila mtu analiona. Wa tatu pale mezani, ambaye ndiye mwenye kisa hiki, alikuwa mzee Abdisalam Guled, ambaye mji mzima wa Lindgrove, pale Minnesota, humjua kwa jina la Qalinle, mwenye kalamu. Fomu ya bima, fomu ya leseni, fomu ya kuombea fomu nyingine, zote zilipita mkononi mwake. Kiwandani alikata mapaja ya bata mzinga kama wenzake, lakini hapa kwa Dahabo, kuanzia saa saba mchana hadi zamu ya jioni, alikuwa wizara nzima.

"Ubaguzi!" Qalinle aligonga meza, vikombe vikaruka. "Ubaguzi mtupu, mchana kweupe! Mia na kumi na wawili, watoto wetu pale shuleni. Mia na kumi na wawili, halafu sifuri?"

"Harsted wana mtu wao serikalini," Bidaar alisema, akivuta kiti.

"Mtu gani? Yule anayefagia bungeni?"

"Usimdharau mwenye ufagio, ami. Huyo huingia vyumba vyote."

"Mimi nasema ni gavana," Dhagoole alisema. "Alipita hapa mwaka juzi, tukampa wali na ndizi. Akaiweka ndizi pembeni akidhani ni ya baadaye. Tangu siku ile ana kinyongo."

"Acheni mzaha, kuna mabaya zaidi." Bidaar alisogeza simu mbali na macho yake, kisha karibu, kisha mbali tena. "Mwanangu amenitafsiria hapa. Anasema Mwalimu Solveig, yule wa Kiingereza, anahamishwa. Jumatatu anaanza Harsted, maana huku kwetu hana wanafunzi."

Qalinle aliacha kugonga meza.

Mjukuu wake Ifrah alikuwa na miezi saba tangu afike kutoka kambi ya Kakuma. Mitano ya mwanzo alikaa darasani na koti lake la baridi limefungwa hadi kidevuni, asubuhi mpaka jioni, hasemi na mtu. Ni Solveig aliyemkalisha karibu na kipasha joto, akamfundisha jina la kila kifungo mpaka siku moja mtoto akakifungua cha mwisho mwenyewe. Sasa kila jioni humsomea babu yake kitabu cha bata, kwa sauti, kurasa nne. Qalinle alikuwa hajawahi kupenda kitabu kiasi hicho, na kitabu chenyewe hakina kisa.

"Hawawezi," alisema. "Nitaandika barua. Nitaandika mpaka Washington!"

"Utaandika nini? Sikia kichekesho. Shule nzima alihesabiwa mtoto mmoja tu asiyejua Kiingereza. Mtoto wa Lillehaug."

"Lillehaug yupi? Mkulima? Yule mwenye nywele rangi ya mahindi yake?"

"Huyo huyo! Baba yake kaandika nyumbani kwao wanaongea Kinorwe."

"Norwe alitoka babu wa babu yake! Walikuja na meli ya matanga!"

"Kaandika kwa kuwaenzi wazee. Mtoto akaitwa kwenye mtihani, akaongea Kiingereza mpaka mwalimu akaomba maji ya kunywa. Akafutwa. Ndiyo ikabaki sifuri."

"Na wetu je?" Dhagoole aliuliza. "Wetu wakiongea Kiingereza, ni mimi ninayeomba maji."

"Wetu, subiri, imeandikwa hapa..." Bidaar alifuata mstari kwa kidole. "Kwa mujibu wa fomu zilizojazwa na wazazi, watoto wote wa Kisomali nyumbani huongea Kiingereza."

Walicheka wawili. Wa tatu alikuwa ameshika kikombe karibu na midomo na chai haikwenda popote.

Mwezi wa nane, meza hii hii, siku tatu mfululizo. Fomu mia na kumi na mbili, wino wa buluu. Swali la tatu: lugha gani husemwa zaidi nyumbani? Qalinle hakuwa mjinga. Alikuwa amekaa kambini miaka kumi na minane, na kambi ilimfundisha kwamba fomu haikuulizi ukweli, inakuuliza kama unafaa. Jirani yake pale alisema kweli kuhusu goti lake lililokuwa likiuma, akarudishwa nyuma ya foleni miaka sita. Basi Qalinle alipoliona swali lile, alijua jibu litakalompendeza afisa. Aliliandika mara mia na kumi na mbili kwa mwandiko wake mzuri, na kila mara alijiona anampa mtoto wa mtu zawadi.

Aliweka kikombe chini polepole.

"Lakini tusiwe na haraka," alisema. "Serikali nayo ina mambo mengi."

Bidaar alimgeukia. "Si wewe uliyesema ubaguzi?"

"Nilipandwa na joto."

"Joto gani, na nje hata mbwa hatoki?"

"Nasema tu, huenda kuna kosa dogo la kiofisi. Kuteleza si kuanguka."

"Walimu watatu na basi, hilo ndilo kosa dogo?" Dhagoole alimtazama sana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliweka sambusa chini. "Ndugu yangu, unatoka jasho."

Hapo Dahabo akatoka jikoni na birika la chai. Mwanamke huyu hupika, huuza, husuluhisha ndoa, na shule ikikwama kwenye Kisomali humwita akatafsiri, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga.

"Mkuu wa shule, Bi. Nygaard, anakuja hapa saa tisa," alisema. "Fomu zinaweza kusahihishwa, mwisho kesho. Ila safari hii kila mzazi au mlezi aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeshawapigia wote simu."

"Alhamdulillahi!" Bidaar alisema. "Na tutamjua mshenzi aliyetuchezea."

"Mimi fomu nimeziona," Dahabo alisema, akimmiminia Qalinle chai ambayo hakuiomba. "Mwandiko ni mmoja, Bidaar. Mzuri sana. Herufi zimelala upande mmoja kama waumini kwenye sijida."

Bidaar alichukua muda. Ungeweza kuona fikra ikipanda kwenye kipara chake, ikiteleza, ikipanda tena.

"Qalinle! Mimi uliniandika nini?"

"Kiingereza."

"Mimi? Mimi niliyemwambia daktari wiki iliyopita kwamba nina mimba?"

"Ulishika tumbo, akakuelewa," Dhagoole alimtuliza. "Na mimi je?"

"Kiingereza."

"Na mke wangu? Mama wa watoto saba, hajui hata kusema bai?"

"Wote. Nyumba zote."

"Basi sisi ni Wazungu wa kwenye karatasi," Dhagoole alisema, akasimama kumpa Bidaar mkono. "Bwana Mkubwa, habari za mashamba? Farasi hawajambo?"

"Nitakupiga, Dhagoole. Huyu nitamuua kwanza, halafu wewe nitakupiga."

"Mzungu hapigi mtu. Anaandika barua kwa wakili."

"Qalinle, mimi nilikupa fomu nikakuambia jaza! Sikukuambia nibatize!"

Qalinle aliinamisha kichwa. Walimcheka, wakamtukana, wakamwita kalamu ya shetani, na Bidaar akaapa kwamba hata hati yake ya kifo ataijaza mwenyewe. Yote aliyapokea. Kilichomuuma ni Dahabo, ambaye hakucheka.

"Kwa nini hukutuuliza, Abdisalam?"

"Nilitaka wawapende," alisema. "Nilidhani wakiona Kiingereza watasema hawa ni watoto wazuri, hawana usumbufu. Watawaweka mbele."

"Na Ifrah? Ulimwandika hivyo hivyo?"

"Ifrah nilimwandika wa kwanza."

Nje gari la kusukuma theluji lilipita, vioo vikatetemeka, kisha Bidaar akakohoa na kusukuma sahani ya sambusa upande wa Qalinle, lakini bila kumtazama, ili isije ikadhaniwa amemsamehe.

Saa tisa kamili Bi. Nygaard aliingia na sanduku la fomu zile, miwani yake ikashika ukungu palepale. Alikuwa mwanamke mrefu wa kunyooka, na alikaa kwenye kiti cha plastiki kana kwamba yuko kanisani. Dahabo alimpa chai ya maziwa yenye hiliki, sukari vijiko vinne bila kuulizwa. Nyuma yake watu walikuwa wanaingia, baba na mama, mpaka foleni ikafika mlangoni.

Bidaar alikuwa wa kwanza. Mama yule akauliza, Dahabo akatafsiri: nyumbani kwenu mnaongea lugha gani?

"Kisomali," Bidaar alisema. "Na kelele."

Dahabo alitafsiri neno la kwanza. Kalamu ikakata, ikaandika. Dhagoole alipofika alieleza kwamba nyumbani kwake anayeongea ni mke peke yake, hivyo yeye hana ushahidi wa kutosha, lakini akisikiliza kwa mbali hufanana na Kisomali. Kalamu ikakata, ikaandika. Foleni ikaenda.

Qalinle alikuwa wa mwisho, na hakungoja kutafsiriwa. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akaanza kwa Kiingereza, kile Kiingereza cha redio ya zamani kisichosemwa tena na mtu aliye hai.

"Mheshimiwa Mama," alisema, "kwa unyenyekevu mkubwa naomba kuweka bayana kwamba kosa hili ni langu mimi, wala si la wazazi hawa waungwana. Niliziandika zote kwa mkono wangu. Nyumbani kwangu mimi na mjukuu wangu tunaongea Kisomali peke yake. Kama kuna adhabu, nami naistahili, naomba iniangukie mimi, ila mwalimu asiondolewe."

Bi. Nygaard alivua miwani. Alikuwa ameguswa, ungeweza kumwona.

"Bwana Guled," alisema, "Kiingereza chako ni kizuri kuliko cha wengi walioko ofisini kwangu. Sidhani kama ulikosea kuhusu nyumba yako. Ifrah ana bahati, ana mwalimu hapo hapo nyumbani. Yeye hahitaji Mwalimu Solveig. Ya kwake tuiache ilivyo."

Akaichukua fomu ya Ifrah, akaiweka kwenye rundo la zilizokwisha.

Mzee huyu alikuwa ameingoja sentensi ile tangu siku aliyoshuka ndege, Mmarekani wa cheo amwambie vile, tena mbele za watu. Ilimwingia tamu kweli, akaifurahia kwa muda wa kumeza mate. Kisha akalikumbuka koti lililofungwa hadi kidevuni.

Alikaa chini. Akamgeukia Dahabo, akasema kwa Kisomali:

"Huyu mama anasema nini?"

Dahabo alimkazia macho. "Umemsikia vizuri kuliko mimi."

"Nakuuliza, anasema nini?"

Dahabo alifuta mikono kwenye kanga yake, akajibu taratibu: "Anasema Kiingereza chako ni kizuri mno. Anasema mtoto anakipata nyumbani."

"Mwambie maneno yale niliyakariri redioni, kambini. Mwambie ndicho Kiingereza chote nilicho nacho, na kimekwisha."

Dahabo alitafsiri, akijikwaa hapa na pale. Bi. Nygaard alirudisha miwani usoni na kumtazama Qalinle kwa muda mrefu. Kisha akainama mbele, akatamka neno moja moja, kwa upole, kwa Kiingereza.

"Bwana Guled. Unanielewa ninavyosema?"

Qalinle alimwangalia Bidaar. "Anasema nini?"

Bidaar, ambaye Kiingereza chake kiliishia tumboni kwa daktari, alikunja uso, akafikiri kama mkalimani wa Umoja wa Mataifa, akasema:

"Anauliza kama unataka chai nyingine."

"Mwambie ndiyo."

Bi. Nygaard aliitoa fomu ya Ifrah kwenye rundo, akakata neno moja, akaandika jingine. Dahabo akaleta chai.